Magodoro Yaliyoshuka Kamsamba

Mama Haonga tumemzika mwaka huu, hapa hapa Tunduma, na msiba wake ulikuwa mkubwa kama alivyostahili. Sitaeleza aliugua nini wala nani alilia kuliko wenzake. Ninachotaka kueleza kilianza asubuhi ya pili ya matanga, akina mama tukiwa tumelala sebuleni kwenye mikeka na magodoro ya kuazima. Mjukuu mmoja wa marehemu, binti anayesoma chuo, akaanza kujikuna mkono na kulalamika kwamba mbu wa Tunduma siku hizi wamekuwa wakali. Pembeni yangu alikuwa ameketi Tabu, anakunywa chai. Tabu huyu tulifanya kazi pamoja tukiwa wasichana, kisha akaolewa ng'ambo ya mpaka, Nakonde, na tulikuwa hatujaonana miaka mingi. Akaukamata ule mkono wa binti, akaugeuzia kwangu. "Nambeye," akaniambia, "hebu msomee mtoto." Nikatazama. Vipele vitatu vimepangana mstari, kuanzia kwenye kiwiko kwenda chini. Nikamwambia binti kwamba huyo si mbu. Mbu akitua anauma, anashiba, anaondoka. Huyu ameuma, akasogea, akauma tena, akasogea, kama mtu anayepanda mahindi kwenye tuta. Huyo ni kunguni, na amekuja na hilo godoro la kuazima, kwa hiyo godoro litoke nje sasa hivi na lisiburuzwe kupita vyumbani. Binti akaniuliza, "Bibi, mambo haya umesomea wapi?" Tabu akacheka mpaka chai ikamwagikia kanga. "Alisomea kwa marehemu," akasema. "Na ada nilimlipia mimi, kwa mdomo wangu huu."

Alisema kweli. Mimi shule niliishia darasa la nne na sioni haya kulisema. Nilichokijua zaidi ya hapo nilikijua mwaka mmoja, nilipopanda kutoka Kamsamba nikiwa msichana wa kama miaka kumi na saba, wakati huo bado tukiwa mkoa wa Mbeya, nikaingia kazi kwenye gesti ya Mama Haonga. Nyumba ilikuwa na vyumba vinane, vinne vikitazamana na vinne, katikati ua wa simenti wenye bomba moja na kamba za kuanikia nguo. Kila chumba kilikuwa na kitanda cha mbao, godoro la sufi, meza ndogo, msumari wa kutundikia koti na kalenda ukutani, kwa sababu Mama Haonga aliamini mgeni akiamka lazima ajue leo ni siku gani. Kuta zilikuwa za matofali ya kuchoma na lipu yake ilikuwa imeanza kupasuka. Jikoni kulikuwa nyuma, kumejaa moshi, na ndiko tulikokula sisi wafanyakazi: ugali, maharage, majani ya maboga yaliyoungwa karanga, na siku ambayo wageni wameacha wali, tulikula wali. Tulilala stoo, mimi kwenye mkeka wangu niliokuja nao, Tabu kwenye mkeka wake. Tabu alikuwa mwenyeji wa Vwawa, mkubwa kwangu kidogo, na mdomo wake ulikuwa haupumziki. Mama Haonga mwenyewe alikuwa mwanamke wa kahawa kutoka vilima vya Mbozi, Mkristo wa Moraviani wa kweli kweli, mjane, hapendi kelele, na aliitaka nyumba yake iwe safi kuliko zote za barabara ile. Tuliisugua kila asubuhi. Ndiyo maana kilichotokea kilimuuma zaidi. Watu wengi mpaka leo wanadhani kunguni anafuata uchafu. Mende anafuata uchafu, panya anafuata chakula, lakini kunguni anafuata mtu. Nyumba iwe ya askofu, mradi kuna mtu analala humo, kunguni ameridhika.

Wa kwanza kulalamika alikuwa dereva mmoja Mzambia aliyeitwa Siame, mtu mnene, mpole, aliyekuwa akilala kwetu kila akivuka na lori lake. Asubuhi moja alitoka chumba namba tatu amevaa singlendi, akageuka kumwonyesha Mama Haonga mgongo. "Bamayo," akasema, maana kwao ndivyo wanavyomwita mama kwa heshima, "mimi nimelipia kulala. Hao wengine wamelipia nini?" Mama Haonga akaingia chumbani, akakunjua shuka, akaona vitone vya damu na vidoa vyeusi kama mtu amegusagusa kwa ncha ya kalamu. Akaamuru Siame ahamishiwe namba saba, na godoro la namba tatu libadilishwe na la namba moja, ili mgeni ajaye asikute aibu. Hivyo ndivyo zilivyofanya gesti zote za Tunduma wakati ule, na nyingine zinafanya hivyo mpaka leo. Mgeni akinung'unika, unamhamisha na begi lake. Godoro likinung'unikiwa, unalihamisha na wanaokaa humo. Hazikupita wiki nyingi, namba saba ikaanza, na namba moja ikaanza. Nikiwa jikoni napepeta mchele niliwasikia madereva barazani wanacheka. "Kwa mama wa kahawa," mmoja anasema, "huna haja ya kuomba uamshwe alfajiri. Waamshaji unalala nao." Mwingine akamjibu, "Tena wanakuamsha mmoja mmoja, kwa foleni, kama tuko mpakani."

Lazima apatikane aliyewaleta. Tabu ndiye aliyempata. Tulikuwa tunakula, yeye, mimi na Mama Haonga aliyekuwa amekuja kuonja maharage, naye akasema kama mtu anayeongea na sufuria, "Mimi nilikuwa hapa mwaka mzima, kunguni hakuna. Tumepokea mkeka kutoka Kamsamba, kunguni hawa hapa. Mimi sisemi kitu." Mama Haonga akanitazama. Watu wa vilimani walikuwa na maneno yao kuhusu sisi wa bondeni: kwamba kule kwetu ni joto, ni mbu, ni mifugo, ni wadudu tupu. Kuanzia siku ile sahani yangu ikawa inaoshwa peke yake. Nikatolewa stoo, nikawa nalala jikoni karibu na majivu. Mama Haonga hakunitukana, hakuwa mtu wa matusi. Alinisimamisha uani akaniambia, "Nambeye, wewe ni mchapakazi, sina ugomvi na mikono yako. Lakini lori la kaka yangu Enos likishuka Kamsamba kuchukua mpunga, utapanda urudi kwenu." Nikamwambia, "Mama, nikirudi na jina hilo, hakuna nyumba ya Tunduma wala Vwawa itakayonipokea tena." Akasema, "Hilo nalijua. Ndiyo maana nimekuita pembeni." Nilikuwa nimeipenda kazi. Nilipenda kuona chumba kilichovurugika kikinyooka chini ya mkono wangu. Sikutaka kushushwa kama gunia lililooza, halafu nikae Kamsamba nizeeke nikiitwa yule aliyepeleka kunguni mjini.

Nilifanya jambo la kwanza lililonijia. Nilichukua shuka jeupe nikalitandaza uani mchana kweupe, nikaleta mkeka wangu, kanga zangu na mto wangu, nikavikung'uta mbele yao kimoja kimoja. Zikaanguka punje za mchanga na kipande cha kitana. Hakuna kunguni, hakuna ganda la kunguni, hakuna hata kile kidoa cheusi. Tabu akachutama akachunguza, maana si mvivu yule. "Hakuna," akakubali, kisha akainuka. "Bila shaka wameshahamia vyumbani. Nani alale kwenye mkeka wakati godoro lipo?" Hata mimi nilitaka kucheka, ila nilikuwa na hasira. Mama Haonga akasema turudi kazini.

Baadaye akafanya kosa ambalo nadhani ni watu wa kahawa tu wangelifanya. Aliagiza kutoka shambani kwake Mbozi lile bomba la kubeba mgongoni wanalopulizia mikahawa, pamoja na dawa yake, akamwamuru kibarua apulize chumba namba tatu, kitanda, godoro, kuta, kila kitu. Kwa akili ya mkulima ilikuwa sawa: mdudu ni mdudu, na dawa inayoua mdudu wa kahawa itamshinda vipi wa kitanda? Harufu yake ilikaa kooni siku kadhaa. Tabu alitapika, mimi kichwa kiligonga, na mgeni aliyepangishwa chumba cha jirani alikohoa mpaka akahama na kwenda kulala kwenye lori lake. Kunguni waliokuwa juu juu walikufa, ndiyo. Waliokuwa ndani ya nyufa walinusa, wakapita matundu ya ukuta wakaingia namba nne na namba mbili. Tulikuwa na vyumba vitatu vibovu, tukapata vitano. Ninalisema hili kwa ukali kwa sababu naliona mpaka sasa. Mtu anachukua dawa ya mahindi au ya kahawa anamwagia kitanda cha mtoto. Kunguni, kwa kadiri nilivyoelezwa na waganga wa zahanati miaka yote hii, hajulikani kuambukiza maradhi. Anakunyima usingizi, anakufanya ujikune mpaka upate vidonda, na vidonda vikiingia uchafu vinaoza. Hiyo tayari ni taabu ya kutosha. Lakini ile dawa ya shamba inaweza kumuua mtoto kabla kunguni hajashiba. Dawa ya shamba ikae shamba.

Siku zilizobaki kabla lori halijashuka nilizitumia kuwatazama kunguni. Kila nikitandika kitanda nilikuwa nageuza godoro, nachomoa ubao, nachungulia. Nikaona wanapokaa. Hawakai katikati ya godoro kama watu wanavyofikiri. Wanakaa kwenye mshono, kwenye kiungo cha mbao ambapo mguu unakutana na ubavu wa kitanda, kwenye kichwa cha msumari, na zaidi ya kote nyuma ya zile kalenda. Nilipoinua ya namba saba niliwakuta wamejaa mle nyuma, wakubwa wenye rangi ya ulezi, wadogo weupe, na mayai kama chembe za chumvi yamegandishwa kwenye karatasi. Hawaruki kama kiroboto, hawana mabawa kama mende. Wanatembea tu, na hawapendi kwenda mbali; wanaishi karibu na chakula chao, na chakula ni sisi. Kwetu Kamsamba tuliwajua, kama tulivyowajua wenzao wote. Kiroboto anauma miguu, kwenye vifundo, na anakuja na panya au mbwa. Papasi anakaa kwenye nyufa za sakafu ya udongo, anakuuma husikii, kisha unapata homa inayokwenda na kurudi, na mjamzito anaweza kupoteza mimba. Huyo ndiye wa kuogopwa. Kunguni tulimtibu kwa jua. Unatoa kitanda cha kamba saa nne, unakilaza kwenye ardhi iliyoungua, saa nane unakiinua unakigonga, wanaanguka wakavu. Kuku wanamalizia.

Nikaenda kwa Mama Haonga. Alikuwa barazani anachambua maharage, uso umekaza. Nikamwambia, "Mama, usimhamishe mgeni tena wala godoro. Kila unapohamisha, unawabeba wewe." Akaendelea kuchambua. Nikamwambia kuhusu kalenda. Hapo mkono ukasimama. Akainuka, akaenda namba saba, akaiinua kalenda mwenyewe, akairudisha taratibu kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akakuta mtu ndani. "Kwenu mnafanyaje?" akauliza. Nikamwambia maji ya kuchemka kwenye mbao na nyufa, na jua kwenye magodoro. Tukatoa magodoro uani siku ileile. Nawe unaijua Tunduma ya mwezi wa nane. Jua lipo, lakini limepakwa tu juu ya upepo, unaliona, hulisikii. Tuliyaanika asubuhi mpaka jioni, na jioni nilipofumua mshono mmoja wakatoka wanatembea, wamechangamka, wameota jua kama wazee. Tabu akasimama mlangoni mikono kiunoni. "Kumbe walikuwa na baridi," akasema. "Umewasaidia." Mama Haonga hakucheka. Akaniuliza, "Nambeye, hilo jua lako liko wapi?" Nikamjibu bila kufikiri, "Mama, jua langu liko Kamsamba."

Nikasikia nilichokisema. Naye akakisikia. Lori la Mzee Enos lilikuwa linashuka kesho yake kuchukua mpunga, na kila liendapo kuchukua mpunga linashuka tupu. Mama Haonga akaligeuza lile godoro, akanigeukia. "Ulikuwa upande lori hilo urudi kwenu," akasema. "Ndiyo, Mama." "Basi utapanda. Na magodoro yangu yote utapanda nayo. Yakirudi yana kunguni, wewe usirudi nayo." Hapo ndipo tulipokubaliana. Kazi kubwa ilikuwa kumkubalisha Mzee Enos, ambaye alikuja amevaa koti lake la kanisani akaupiga kwa kiganja ubavu wa lori. "Dada, mimi nabeba chakula cha watu. Unataka mpunga wangu ulale na kunguni?" Mimi ndiye niliyemjibu, kwa adabu, kwamba magodoro yatashuka lori likiwa halina kitu, kule chini nitaosha mbao zake kwa maji ya kuchemka mwenyewe, na yatapanda juu ya magunia kikiwa kimekufa kila kilichomo, la sivyo ayatupe Kamsamba na mimi pamoja nayo. Akamgeukia dada yake. "Huyu ndiye yule mliyesema mnamfukuza?" Mama Haonga akasema, "Pakia, Enos."

Kabla ya kuondoka nilimwachia Tabu kazi, na nilimwachia kama mkubwa anavyomwachia mdogo, maana sikuwa na cha kupoteza. Kalenda zote zichomwe. Vitanda vifumuliwe, kila kiungo kimiminiwe maji yanayochemka, si ya moto tu, yanayochemka. Kesho yake arudie, na baada ya siku chache arudie tena, kwa sababu yai linalopona leo linatoka wiki ijayo. Nyufa zizibwe kwa simenti. Vitanda visiguse ukuta, na kila mguu wa kitanda usimame ndani ya kopo la maziwa lenye maji na mafuta ya taa kidogo, maana kunguni hajui kuogelea wala kuruka. Tabu akanisikiliza, akasema, "Na wewe bwana mkubwa utakuwa wapi wakati mimi naungua mikono?" Nikamwambia nitakuwa naota jua.

Nilisafiri nyuma, nimekaa juu ya turubai jeusi lililofunika magodoro, kupitia Mlowo, halafu ule mteremko mrefu ambao ukishuka unahisi hewa inabadilika usoni, kutoka baridi ya koti hadi joto la kuvua koti. Kamsamba walilipokea lori kwa furaha mpaka walipojua kilichomo. Mama mkubwa wangu, aliyenilea, alisimama katikati ya njia ameshika mwiko. "Tulikutuma Tunduma ututafutie sukari," akasema. "Umetuletea kunguni." Jirani yake akadakia, "Kumbe ndiko wanakotoka. Watu wa mjini wachafu sana." Niliwahi kuchekeshwa maishani, lakini sijui kama nimewahi kuchekeshwa kama siku ile, na sikuweza kucheka, maana nilikuwa nahitaji uwanja. Nikawaomba ule uwanja wa kupigia mpunga, mbali na nyumba, ardhi tupu iliyopigwa mpaka imekuwa ngumu kama sahani. Nikaahidi hakuna godoro litakalovuka mstari nitakaouchora. Mama mkubwa akauchora mstari mwenyewe, kwa mwiko, na akakaa pembeni yake kuulinda.

Saa nne ardhi ile haikanyagiki bila viatu. Niliyalaza magodoro moja moja, nikayafunika turubai jeusi la lori, nikakandamiza pembeni kwa mawe ili joto lisitoke. Ukiingiza mkono chini ya turubai mchana unautoa haraka, kama umeugusisha mlango wa tanuri. Jua likipinda, nafunua, nageuza, nagonga kwa fimbo, na kuku wa kijiji kizima walikuwa wamejua ratiba yangu. Kesho yake tena, upande wa pili. Nilifanya hivyo siku zote ambazo Mzee Enos alikuwa anazunguka kununua mpunga. Kila jioni nilifumua mshono, sehemu tofauti, nachungulia. Siku ya kwanza bado kulikuwa na wanaotembea. Baadaye nikakuta waliolala chali. Mwishoni nikafumua godoro la namba saba, baya kuliko yote, nikakuta maganda matupu, yanavunjika kidoleni kama pumba, na yale mayai yamenyauka yamekuwa ya njano. Nikaita, "Mama mkubwa, vuka mstari." Akavuka kwa wasiwasi, akachungulia mshono, akabonyeza godoro kwa kiganja, halafu akalikalia, halafu akajilaza kabisa mwiko ukiwa kifuani. "Hivi ndivyo wanavyolala madereva?" akauliza. Ilibidi Mzee Enos amwombe ainuke ndipo lori lipakiwe.

Mama Haonga alitusubiri barabarani. Hakunisalimia kwanza. Alipanda juu ya magunia na umri wake ule, akachomoa sindano kwenye kilemba, akafumua mshono wa godoro la kwanza lililomjia mkononi, akachokonoa, akafumua na la pili. Watu walikuwa wamejaa, maana habari ilishaenea kwamba magodoro ya gesti yalipelekwa likizo. Akashuka, akajipangusa mikono. "Karibu, mwanangu," akaniambia, na hakuwa amewahi kuniita hivyo. Nilipoingia ndani nikakuta Tabu hakuniangusha: kuta zimezibwa, kalenda hazipo, vitanda vimesimama katikati ya vyumba kwenye makopo yao kama vimevaa viatu. Mikono yake ilikuwa na malengelenge. Akaninyooshea. "Usiniulize," akasema. "Na usidhani nimesema hukuwaleta. Nimesema tu wameisha."

Ila nyumba safi isiyo na mtu wa kulala bado ni nyumba yenye jina baya, na madereva walikuwa hawaji. Tulikaa na vyumba vitupu wiki baada ya wiki. Kisha jioni moja ya mvua ya ghafla, gesti nyingine zimejaa, akaja Siame. Akasimama mlangoni na begi lake, hataki kuingia na hawezi kuondoka. Mama Haonga akampa namba tatu, ileile. Mimi nikachukua begi lake nikalitundika kwenye msumari, si kitandani, na huo ukawa utaratibu wetu tangu siku hiyo, maana mabegi ndiyo magari ya kunguni. "Bamayo," akasema kwa huzuni, "nitajaribu."

Asubuhi foleni ya mpakani ikaanza kusogea. Lori la Siame lilikuwa limeegeshwa kando ya barabara mbele yetu, na la nyuma yake likapiga honi, na la nyuma ya hilo, mpaka barabara yote ikawa inapiga honi. Utingo wa lori moja akaja kugonga dirisha la namba tatu kwa ngumi. Kimya. Tukatazamana uani, mimi nikadhani amekufa, na Tabu akasema kwa sauti ndogo, "Ile dawa ya kahawa." Mama Haonga akafungua mlango kwa ufunguo wake. Siame alikuwa amelala kifudifudi, mkono mmoja umening'inia, anakoroma, na mgongo wake wote uko wazi, laini, hauna hata kipele. Barazani madereva walikuwa wamejazana kuchungulia. Mama Haonga hakumwamsha. Alisimama pembeni ya mlango, akawaacha watazame mgongo ule mpaka wakatosheka, ndipo akasema, "Sasa mwamsheni." Siame alipoelewa kwamba foleni imempita, alikaa kitandani akajipapasa mgongo, akapapasa tena. "Bamayo," akasema, "mimi leo sivuki. Niongezee siku." Waliokuwa mlangoni wakaanza kuulizia vyumba kabla hajamaliza sentensi.

Tangu hapo nimefukuza wengi. Panya nimemshinda kwa kuziba matundu na kufunika unga, maana mkojo wake kwenye chakula ni maradhi, hata kama hujamwona. Mende nimemshinda kwa kukausha jiko na kutolaza vyombo vichafu, kwa sababu anatoka chooni miguu mitupu kuja kwenye sahani yako. Gesti ninayoendesha sasa ni ya kwangu, haina kalenda ukutani. Lakini ushindi ninaoukumbuka nikiwa peke yangu ni ule wa siku chache baada ya usingizi wa Siame, alipovuka barabara Baba Ezekia, mwenye gesti ya mkabala na sisi, mtu aliyekuwa ametucheka kuliko wote. Alimkuta Mama Haonga uani, akavua kofia. "Mama Haonga, nasikia yule binti wa Kamsamba anaweza kuazimwa." Mama Haonga akamjibu, "Si yule binti. Ana jina, na yuko hapo. Muulize mwenyewe." Baba Ezekia akanigeukia. Tabu akaacha kufua ili asikie vizuri.

"Nambeye, mwanangu," akasema yule mzee, "kwangu ni vyumba kumi. Vyote."

"Umekuwa unahamisha magodoro?" nikamuuliza.

Akatazama kofia yake. "Nimehamisha."

"Umepuliza dawa ya kahawa?"

"Mara mbili."

"Basi leo fungua madirisha yote na utoe wageni. Kesho tafuta lori linaloshuka tupu." Akavaa kofia yake. "Na mwambie dereva," nikaongeza, "safari hii mimi nakaa mbele."